Je, Kumnyima Ndugu Neno la Siri ni Kutomwamini?



Katika parishi moja ya huku kwetu, ambayo sitaitaja, yalitokea manung'uniko ambayo mtu wa nje angeyaona madogo. Halmashauri ya parishi ilikuwa imenunua kompyuta, na ndani yake imewekwa programu ya hesabu. Humo huandikwa zaka, ahadi, mazao yaliyonadiwa siku ya mavuno na posho ya mwinjilisti, pamoja na orodha ya Wakristo: ubatizo wao, ndoa zao, watoto wao na namba zao za simu. Programu ile ni ya namna moja na zile zinazotumika katika maofisi ya biashara na vyama vya ushirika. Kila mtumiaji hupewa jina lake na neno lake la siri, na kila anachokiandika hubaki na jina lake, tarehe na saa.

Jumamosi moja mzee mmoja wa kanisa alimkuta katibu ofisini, binti wa miaka ishirini na minne.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nipe hilo neno la kufungulia nione ahadi za watu wa mtaa wangu. Wewe nenda zako kwenye kwaya, nisikucheleweshe."

"Samahani, mzee. Nitakufungulia ahadi za mtaa wako uzisome hapa hapa. Lakini neno lenyewe nimepewa mimi, siwezi kulitoa."

"Hata kwangu mimi niliye mdhamini wako wa ubatizo?"

Binti akanyamaza, akainamisha kichwa, lakini neno hakulitoa. Mzee akaondoka bila kusoma kitu.

Katika kikao cha halmashauri mzee alisimama na Biblia mkononi, akafungua 2 Wafalme 12:15, pale tunapoambiwa kwamba waliopokea fedha za kuwalipa mafundi wa Hekalu hawakudaiwa hesabu, kwa sababu walikuwa waaminifu. Akauliza kama watu wa Agano la Kale waliweza kuaminiana hivyo, imekuwaje sisi tuliooshwa kwa damu ya Mwana-Kondoo tufungiane milango na watoto wetu? Wengi walitikisa vichwa kumkubali. Mimi nilikuwapo, na nakiri kwamba siku ile sikuwa na jibu. Swali la mzee ni swali la kweli, na tangu siku ile nimekuwa nikilitafakari.

Kwanza nilirudi kwenye sura ile ile. Nikaona kwamba mzee alianza kusoma mahali palipomfaa. Ukirudi nyuma mistari michache, utamkuta kuhani Yehoyada akichukua sanduku, akitoboa tundu kifunikoni, na kuliweka karibu na madhabahu. Fedha zikiwa nyingi, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja wote wawili, wakazihesabu na kuzifunga. Kuhani mkuu hakuhesabu peke yake, ingawa alikuwa mtu wa Mungu. Wala mwandishi hakuhesabu peke yake, ingawa alitoka kwa mfalme. Mafundi wale waliaminiwa, ndiyo, lakini waliaminiwa baada ya fedha kupita mikononi mwa watu wawili walioonana kwa macho. Mtume Paulo naye, alipopeleka changizo la kuwasaidia maskini wa Yerusalemu, hakukubali kwenda nalo bila mashahidi waliochaguliwa na makanisa, ili mtu asimlaumu (2 Wakorintho 8). Sidhani kama kuna mtu katika parishi yetu atakayesema kwamba Paulo hakuaminika.

Kanisa letu la Anglikana nalo lina historia katika jambo hili, na ni ya zamani kuliko wengi wanavyofikiri. Mwezi Septemba mwaka 1538, Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila parishi ya Uingereza iwe na kitabu cha kuandikia ubatizo, ndoa na mazishi. Kitabu kile kilitakiwa kuwekwa katika sanduku imara lenye vitasa viwili. Ufunguo mmoja akae nao kasisi, wa pili wakae nao wazee wa kanisa. Watu hawakulipokea jambo hilo kwa furaha. Wengi waliogopa kwamba mfalme anataka majina yao ili awatoze kodi mpya, na hofu hiyo inafanana sana na ile tuliyoiona hapa kwetu kila mara watu wanapoandikishwa. Anayeandikwa jina huuliza, "Litatumika kwa nini?" Naye ana haki ya kuuliza.

Baadaye, katika Kanuni za mwaka 1603, Kanuni ya 70 ilizidisha: vitasa viwe vitatu, kasisi awe na ufunguo mmoja, na wazee wa kanisa wawili kila mmoja na wake, ili kasisi asiweze kukitoa kitabu bila wazee, wala wazee bila kasisi. Kila Jumapili baada ya ibada kitabu kilitolewa, kasisi akaandika mbele ya wazee majina ya waliobatizwa, waliooana na waliozikwa katika juma lililopita, kisha kikarudishwa sandukuni. Na kila mwaka nakala ilipelekwa kwa Askofu. Wataalamu wa kompyuta wa leo hutufundisha kwa bidii kuweka nakala mahali pengine, tena kutomwachia mtu mmoja uwezo wote. Nadhani wangefurahi wakiambiwa kwamba makasisi wa vijijini walikuwa wakifanya hivyo zaidi ya miaka mia nne iliyopita, kwa karatasi za ngozi na sanduku la mti.

Waliotunga Kanuni ile hawakuwa wakisema kwamba makasisi ni wezi. Walijua kwamba kitabu kile ndicho kitakachoamua nani ni mtoto wa ndoa, nani arithi shamba, nani ameoa kweli. Kitu kizito namna hiyo, ukimpa mtu mmoja akibebe peke yake, humpi heshima. Unamweka mahali ambapo siku moja ataambiwa, "Wewe ndiwe uliyefuta jina langu," naye hatakuwa na shahidi.

Hapa yanipasa nitoe ushuhuda wangu, ingawa sijautoa kwa maandishi kabla ya leo.

Mwaka 2006 nilikuwa nikifanya kazi ya uhasibu katika ofisi fulani iliyokuwa ikiwalipa wakulima. Ililetwa programu ya kompyuta ya malipo. Tulikuwa watu watano, na kila mmoja alipaswa kuwa na jina lake na neno lake la siri. Lakini mkuu wetu aliona ni usumbufu. Kijana mmoja karani ndiye aliyekuwa amejifunza zaidi, basi tukafungua kwa jina lake sote, na neno lake likaandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa chini ya kibao cha herufi. Mimi mwenyewe jioni nyingi nilifunga hesabu za siku kwa jina la yule kijana. Hatukuona dhambi yoyote. Tulisema sisi ni ndugu.

Baada ya miezi kadhaa ikaonekana kwamba malipo ya karibu shilingi milioni mbili yalikwenda kwa watu wasiokuwapo. Kompyuta ikaulizwa, nayo ikajibu kwa uaminifu kama ilivyofundishwa: yule karani. Akasema, "Lakini wote mnatumia jina langu." Tukaitwa mmoja mmoja. Nilipofika mbele ya wakubwa nikaulizwa kama nimewahi kufungua kwa jina la karani. Nilikuwa na watoto wanne shuleni. Nikasema, "Hapana, mimi huwa situmii."

Sikuiba. Hata leo aliyeiba simjui. Lakini kijana yule alifukuzwa, akarudi kwao kulima kwa plau, na uchumba wake ukavunjika, maana nani atampa binti yake mwizi? Mimi niliendelea kuimba Tukutendereza katika ushirika wa Uamsho kwa miaka minne, mpaka Roho akanibana na nikashindwa kusali. Nikaenda nyumbani kwake. Alinikaribisha, akanipa kiti, mkewe akaleta uji, kwa maana baadaye alioa. Nikamwambia yote. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwizi simjui. Wewe nakujua." Alinisamehe, asifiwe Bwana. Lakini neno lile bado ninalo.

Basi nilipomsikia mzee wetu akiuliza kama hatuaminiani, nilimkumbuka yule karani. Sisi tulimwamini sana, au tulidhani hivyo. Ukweli ni kwamba tulimnyang'anya kitu kimoja ambacho mtu asiye na hatia anakihitaji kuliko vyote: uwezo wa kusema "hili ni langu, na lile si langu" na kuaminiwa. Kila tulipoandika kwa jina lake tulikuwa tukiweka maneno yetu kinywani mwake. Na yeye, kwa upole wake, alituachia kinywa chake.

Maandiko yanalijua jambo hili vizuri. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi, akakataliwa, akajilaza kitandani akanuna (1 Wafalme 21). Yezebeli akaandika barua kwa jina la Ahabu, akazitia muhuri wa Ahabu, akazituma kwa wazee wa mji, na Nabothi akapigwa mawe. Mkono ulioandika haukuwa wa Ahabu. Hatuambiwi kwamba alizisoma barua zile, wala kwamba aliuliza muhuri wake uko wapi. Ila Eliya alipotumwa, alitumwa kwa Ahabu, akamkuta shambani mwa Nabothi, na kumwuliza kama ameua na kisha kumiliki. Nabii hakukubali udhuru kwamba muhuri ulitumiwa na mwingine. Mwenye muhuri aliuacha utembee kwa sababu ilimfaa kutojua. Wakubwa wengi wa maofisi wanaomwachia katibu muhtasi neno lao la siri ili awaidhinishie malipo wakiwa safarini wangefaa waisome sura ile kabla ya kufunga safari.

Tena kuna upande mwingine wa shilingi, na huu umetokea katika nchi ile ile ya sanduku la vitasa vitatu. Mwaka 1999 Posta ya Uingereza ilianza kuweka katika posta zake ndogo mfumo wa hesabu wa kompyuta ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Posta hizo nyingi ni vyumba vya dukani vijijini, vinavyoendeshwa na mawakala, watu wanaojulikana na kijiji kizima. Kompyuta zikaanza kuonyesha upungufu wa fedha. Mawakala wakasema hawajachukua kitu; wakaambiwa walipe, na wengi wakashitakiwa. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Seema Misra, aliyekuwa na posta ndogo huko West Byfleet, alihukumiwa kifungo cha miezi kumi na mitano mwezi Novemba 2010, akiwa mjamzito, siku ambayo mwanawe alitimiza miaka kumi. Kwa miaka mingi Posta ilishikilia kwamba hakuna mtu mwingine anayeweza kuingia katika hesabu za wakala kutoka mbali. Mwezi Desemba 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro nyingi, na kwamba watu wa Fujitsu waliweza kuingia na kubadilisha hesabu za wakala bila yeye kujua. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ilianza kufuta hukumu, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuzifuta nyingine kwa pamoja. Lakini wengine walikuwa wamekwisha kufa. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi wa serikali, iliyotolewa Julai 2025, ilisema huenda watu wasiopungua 13 walijitoa uhai.

Sisi Waanglikana hatuwezi kuisoma habari hii kama habari ya wengine. Mkuu wa Posta kuanzia mwaka 2012 hadi 2019, Paula Vennells, alikuwa pia kasisi wa Kanisa la Uingereza. Mbele ya uchunguzi mwezi Mei 2024 alilia na kuomba radhi. Sina haki ya kuupima moyo wake, hasa mimi niliyewahi kusema "huwa situmii". Ila najifunza kwamba mtu anaweza kusimama madhabahuni Jumapili, na Jumatatu akaiamini mashine kuliko jirani, kwa sababu tu hakuuliza kwa ukali wa kutosha: nani mwingine ana ufunguo wa mlango huu?

Huko Uingereza walioingia kwa siri walijificha, na mwenye jina akabeba. Kwetu ofisini tuliingia wazi wazi huku tukicheka, na mwenye jina akabeba vile vile. Ndiyo maana nasema binti yule katibu hakumkosea heshima mzee. Kama angempa neno lake, na kesho ikaonekana ahadi ya mtu imefutwa, mzee angeweza kusema nini? Na binti angeweza kusema nini?

Mpaka hapa nimesema juu ya fedha, na fedha zikipotea zaweza kupatikana nyingine. Kuna mambo mazito zaidi yaliyoandikwa katika kompyuta za wilaya zetu hizi za Tarime na Serengeti. Wote tunajua kinachotokea hapa mwezi wa Desemba, shule zikifungwa. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka kumi na minane, lakini kila msimu unapofika wako wasichana wanaokimbia usiku. Wengine hufika Masanga, wengine nyumba salama ya Mugumu. Mahali popote wanapopokewa hapana budi waandikwe: jina, umri, kijiji, jina la baba, ametoroka kwa sababu gani, nani wa kumrudisha na nani asimrudishe. Bila kuandika huwezi kumsaidia. Polisi, ustawi wa jamii, shule na zahanati, kila mmoja anahitaji kujua sehemu fulani ya habari ile.

Sasa fikiri mwenyewe. Orodha ile iko katika kompyuta, na katika nchi yetu hakuna ofisi isiyo na shemeji, binamu au mtu wa ukoo. Anakuja baba mdogo wa msichana, mtu wa heshima, pengine hata mzee wa kanisa. Hapigi kelele. Anasalimia vizuri, anauliza habari za mifugo, kisha anasema, "Mwanangu, nataka kujua tu kama yuko salama. Mama yake halali." Huenda ni kweli mama halali. Huenda pia ng'ombe wa mahari wamekwisha kuhesabiwa. Aliyeketi kwenye kompyuta hawezi kujua. Kwa mila zetu, kumnyima baba mdogo jibu ni jeuri, na kijana wa ofisini ataona ni rahisi zaidi kubonyeza mara mbili na kusema, "Yuko, baba, ondoa shaka." Kwa maneno hayo manne ameitoa siri ambayo msichana yule alitembea kilomita nyingi gizani akiamini kwamba itatunzwa.

Kwa hiyo nasema ni rehema kwa kijana yule kama programu yenyewe haimruhusu kuona. Akisema "Baba, mimi sioni orodha hiyo, hata ningetaka", hasemi uongo wala havunji heshima. Mzigo umeondolewa begani mwake na kuwekwa kwa wachache waliochaguliwa kuubeba. Nabii Isaya anasema ufunguo wa nyumba ya Daudi utawekwa begani mwa Eliakimu. Zamani nilidhani ni lugha ya mapambo tu. Siku hizi nafikiri nabii alijua kwamba ufunguo huwekwa mahali pa kubebea mizigo.

Na hapa nadhani mzee wetu alichanganya mambo mawili, nasi tuliotikisa vichwa tulichanganya pamoja naye. Kusoma ni ufunguo mmoja, na kuandika ni ufunguo mwingine. Hesabu za fedha za parishi zinapaswa kusomwa na wengi, hata kubandikwa ukutani, lakini kuandikwa na wachache wanaojulikana kwa majina. Habari za mateso ya mtu, ugonjwa wake, ndoa yake inayovunjika, msichana aliyetoroka, hizo hata kusomwa zinapaswa kusomwa na wachache sana. Parishi zetu mara nyingi hufanya kinyume. Hesabu hufungwa kabatini na kuwa siri ya watu wawili, lakini habari ya binti aliyepata mimba inajulikana na kwaya nzima kabla ya Jumatano.

Nalisema hili pia ili mtu asije akalitumia andiko langu kwa ubaya. Wako wanaopenda kufuli kwa sababu wana cha kuficha. Mweka hazina anayesema "mfumo hauruhusu" kila mkaguzi anapokuja, msimamizi wa kompyuta ambaye yeye peke yake anaweza kufungua kila kitu na hakuna anayeona alichofungua, hao wamejifanyia ufalme. Benki ya Barings ya London ilidumu tangu mwaka 1762, ikaanguka mwaka 1995 kwa hasara ya pauni milioni 827, kwa sababu ofisi yake ya Singapore ilimwachia mtu mmoja, Nick Leeson, afanye biashara na tena asimamie wanaoandika hesabu za biashara hiyo. Hapa nchini ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zimetaja mara nyingi fedha zilizokusanywa na halmashauri kwa mashine za POS bila kufika benki. Mashine imeandika vizuri. Aliyepaswa kuisoma hakuisoma. Kufuli isiyo na mkaguzi ni mbaya kuliko sanduku lililo wazi, kwa maana sanduku wazi angalau kila mtu analiangalia.

Juu ya wazee na akina mama wanaowapa wajukuu namba ya siri ya simu, sitasema mengi. Tangu huduma za fedha za simu zilipoanza nchini mwaka 2008 bibi zetu wengi wasiojua kusoma hawana njia nyingine. Siwezi kumlaumu bibi. Mjukuu ndiye mwenye kujua kwamba amebebeshwa ufunguo begani, na kama bibi amekwisha kupata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", mjukuu ndiye wa kumwambia asitume.

Serikali nayo imetunga sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inataka habari za mtu zikusanywe kwa sababu inayojulikana, zitumike kwa sababu hiyo, na zilindwe. Tena inampa mtu haki ya kujua kilichoandikwa juu yake na kutaka kisahihishwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaifanya kuwa kosa kuingia katika kompyuta bila ruhusa. Ni vema wazee wa kanisa wazijue. Lakini katika kikao kile nilitoa pendekezo la nyumbani zaidi. Nilisema kwamba mwinjilisti akihamishwa tunamdai ufunguo wa nyumba, jembe la parishi na baiskeli, tena tunaandika. Je, kuna aliyewahi kukumbuka kulifunga neno lake la siri? Kasisi akamtazama katibu. Katibu akafungua, akasoma. Katika programu ile yalikuwamo majina matatu ya watu waliokwisha kuondoka, mmoja wao amehamia Mwanza, na yote matatu bado yalikuwa na uwezo wa kuandika na kufuta. Kikao kikawa kimya.

Wakakubaliana majina yale yafungwe siku ile ile, nakala ya kumbukumbu ipelekwe ofisi ya dayosisi, na kila mzee wa kanisa awe na jina lake mwenyewe la kusomea hesabu za mtaa wake. Juu ya habari za mashauri ya ndoa, kasisi alisema hizo hataziweka katika kompyuta kabisa, nami nadhani alisema vema.

Juma lililofuata mzee alikuja ofisini. Binti akamwamkia, akamwekea kiti, akamwonyesha mahali pa kuandika neno lake, kisha akageuka akatazama nje dirishani. Mzee aliandika kwa kidole kimoja, polepole, akikosea na kurudia.

"Limekubali?" akauliza.

"Limekubali, mzee."

"Na wewe hukuliona?"

"Sikuliona. Nikitaka kulijua, itabidi nikuombe."

"Usiniombe," mzee akasema, na wote wawili wakacheka.